Nani Apande Gari la Skuli?

Wanachama wetu wengi wamekwisha kusikia khabari ya gari. Kwa wale waliokuwa mashambani mbali, twaeleza tena. Chama kimenunua gari kuukuu lenye viti 29 vya abiria, kwa fedha iliyokatwa kidogo kidogo katika kila kilo ya karafuu kwa misimu miwili, ili kuwachukua watoto wanaokwenda skuli mbali. Injini imetazamwa na fundi, na dereva amepatikana. Limebaki jambo moja, na hilo ndilo lililotuletea maneno. Majina yaliyoletwa ofisini ni 71, na viti ni 29.

Hapana njia ya kuipinda hesabu hiyo. Watoto 42 hawatapata nafasi. Katika mkutano uliopita yalitolewa maoni matatu. Wako waliosema gari lipandwe na watoto wa wanachama walioleta karafuu nyingi, kwa kuwa fedha yao ndiyo iliyo nyingi ndani yake. Wako waliosema aliyeandikisha jina mbele apande mbele. Na wako waliosema nauli iwekwe, na atakayeweza kuilipa apande. Kila neno lina wenyewe, na wenyewe ni watu wa heshima. Lakini sisi, kwa kazi yetu ya kushika daftari la chama, twaona ya kwamba maoni yote matatu yameacha kumtazama mtoto mwenyewe. Twaomba ruhusa ya wanachama tuseme la kwetu kabla kura haijapigwa.

Twaanza mbali na kisiwa chetu. Tulipokwenda bara kwa shughuli ya harusi ya ndugu yetu anayefanya kazi Sumbawanga, katika mkoa wa Rukwa, tulilala siku mbili Chala, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Sumbawanga katika njia ya Namanyere. Nchi ile ya Ufipa ni nyanda za juu. Watu wake wanalima mahindi, maharage na ulezi, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi ina baridi ambayo mtu wa pwani haijui. Tuliamka kwa sala ya alfajiri, na tulipotoka nje giza lilikuwa bado, tukaona watoto wa skuli wamekwisha kuwa njiani. Walikuwa wamevaa sweta juu ya sare, mikono imefichwa ndani ya mikono ya sweta, wakipita ukingoni mwa barabara ya lami kwa makundi ya watatu na wanne.

Baadaye kidogo likapita gari la skuli moja ya watu binafsi. Lilisimama mbele ya nyumba zilizo karibu na lami, likachukua watoto wawili hapa na mmoja pale, likaenda zake likiwa na viti vitupu. Wale waendao kwa miguu walisogea pembeni kulipisha. Hatulilaumu gari lile. Lina mwenyewe, na kanuni yake ni nauli: aliyelipa amo, asiyelipa hamo. Lakini tulipotazama tuliona waziwazi kanuni ya nauli inavyofanya kazi. Waliopanda ni wale waliokuwa wakikaa karibu na barabara, na walioachwa ni wale waliotoka mbali.

Mzee mmoja mkulima wa maharage, aliyetukaribisha uji, alitwambia khabari ya mjukuu wake wa kike aliye sekondari. Nyumbani kwao ni mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Basi binti yule amepangishiwa chumba karibu na skuli, yeye na wenzake wawili, wanajipikia wenyewe, na siku ya Jumamosi anarudi kwa babu kuchukua unga na maharage ya wiki nzima. Tulimwuliza mzee kama moyo wake umetulia kwa jambo hilo. Akajibu, "Mwanangu, atatuliaje? Mtoto yuko peke yake na mlango wa bati." Kisha akatuuliza kazi yetu ni nini. Tukamweleza khabari ya karafuu, na ya chama, na ya gari ambalo wakati ule lilikuwa bado fikira tu. Akasema, "Mkilipata, msiulize baba ana nini. Ulizeni mtoto anaamka saa ngapi."

Tumelichukua neno hilo kutoka Chala mpaka kisiwani, na ndilo tunaloliweka mbele ya wanachama.

Tuyatazame sasa mambo yenyewe. Hapa Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa ya bure tarehe 23 Septemba 1964. Bara, ada ya skuli za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ikaondolewa kuanzia Januari 2016. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya bara pia ilisukuma kwa nguvu ujenzi wa skuli za sekondari za kata, ili kila kata iwe na yake. Haya ni mambo makubwa, na mwenye kuyadharau hana shukrani. Lakini kufuta ada hakufupishi njia. Kata za huko Ufipa ni pana, vijiji vimetawanyika, na skuli iliyo ndani ya kata yaweza kuwa mbali na mtoto wa kata hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya vile vyumba vya kupanga. Hatari yake kwa watoto wa kike haihitaji maelezo marefu. Bara, mwezi wa Novemba 2021, serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa kupata ujauzito warudi skuli. Ruhusa hiyo ni njema, lakini njema zaidi ni msichana asikatizwe.

Wanachama wapime pamoja nasi. Mtoto anayekaa kilomita 8 kutoka skuli anakwenda kilomita 16 kwa siku. Mwaka wa masomo wa bara una siku 194. Zidisha, utapata kilomita 3,104. Kisiwa cha Pemba, tangu ncha ya kaskazini mpaka ya kusini, hakifiki kilomita 70. Basi mtoto huyo kwa mwaka mmoja amekitembea kisiwa kizima zaidi ya mara 40. Na kwa kuwa mtoto akienda upesi huenda kama kilomita 4 kwa saa, saa nne za kila siku zimekwisha njiani. Baada ya hapo twamtaka asome, na akishindwa mtihani twasema ni mvivu.

Jambo la nani apande halikuanza kwetu. Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikubali udhuru wa mzazi ikiwa hapakuwa na skuli ndani ya maili tatu kutoka nyumbani, zikipimwa kwa njia iliyo karibu. Sheria ya mwaka 1944 ikatenganisha wadogo na wakubwa: maili mbili kwa mtoto wa chini ya miaka minane, na maili tatu kwa aliyezidi. Hizo ni kama kilomita 3.2 na 4.8. Mpaka leo kipimo hicho ndicho kinachotumika huko kuamua nani achukuliwe bure. Wameongeza mengine juu yake. Mtoto aliye karibu lakini njia yake ni ya hatari huhesabiwa kama aliye mbali. Mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kutembea hapimwi kwa maili. Na tangu sheria ya mwaka 2006, watoto wa nyumba za kipato kidogo walipewa nafuu zaidi. Kadhalika, kipimo kinakwenda mpaka skuli ya karibu inayomfaa mtoto. Mzazi akipenda skuli nyingine iliyo mbali kwa matakwa yake, safari hiyo huwa juu yake.

Huko India, katika jimbo la Bihar, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa fedha za baiskeli wasichana wote wanaoingia darasa la tisa. Wataalamu wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, waliupima mpango huo, wakaona ya kwamba uliongeza wasichana walioingia sekondari, na ya kwamba faida yake ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita 3 kutoka skuli. Zambia nao, ambao ni jirani wa hao Wafipa, kulikuwa na mpango wa baiskeli katika jimbo la kusini kwa wasichana wanaokaa zaidi ya kilomita 3. Walipopimwa, muda wao wa njiani ulipungua kama theluthi, na siku za kukosa skuli zikapungua pia. Katika nchi zote hizi tatu umbali ndio unaoonyesha msaada unafaa wapi. Hakuna hata moja iliyopima mzigo wa mazao ya baba.

Tena yatupasa kujifunza kwa daladala za bara. Huko mwanafunzi mwenye sare au kitambulisho ana haki ya nauli nafuu. Nauli zilipopandishwa mwezi wa Desemba 2023, mtu mzima akawa analipa shilingi 600 kwa safari za mjini zisizozidi kilomita 10, na mwanafunzi akabakishiwa shilingi 200. Kanuni ni nzuri katika karatasi. Lakini kondakta anahesabu. Wanafunzi watatu ni sawa na mtu mzima mmoja, na viti wanavyokalia ni vitatu. Basi wengi wamezoea kuona watoto wakizuiwa mlangoni, au wakiambiwa wasimame ili wanaolipa wakae. Fundisho lake kwetu ni hili: haki isiyowekewa fedha ya kuilinda huishia mlangoni. Chama kikisema mtoto fulani anastahili, chama kilipe mafuta yake, wala asiachiwe dereva kuchagua.

Liko na fundisho zito zaidi. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, gari la wanafunzi wa skuli ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Nchi nzima ililia. Tangu siku hiyo mtu yeyote anayepakia watoto anajua amebeba nini. Kwa hiyo wale wanaotwambia, "Watieni wote 71, wabanane, ni watoto tu," twawajibu hapana. Gari letu lina viti 29, na watoto watakuwa 29. Likitakiwa kuchukua zaidi, lifanye safari mbili, na mafuta ya safari ya pili yaingizwe katika hesabu ya chama waziwazi.

Sasa tuyajibu maoni matatu ya mkutano. Kwa wanaosema magunia: fedha ni yenu kweli, na daftari linaonyesha. Lakini mwenye mikarafuu mingi kwa kawaida ndiye mwenye nyumba karibu na barabara, na wengi wao wana vyombo vyao vya kuendea. Kumpa mtoto wake kiti ni kumpa shibe mwenye shibe. Kwa wanaosema aliyeandikisha mbele: anayekaa karibu na ofisi ndiye anayepata khabari mapema. Daftari letu lilifunguliwa Jumatatu, na majina kutoka mashamba ya ndani kabisa yalifika Alhamisi, kwa sababu wenyewe walikuja kwa miguu. Na kwa wanaosema nauli, twawakumbusha yale tuliyoyaona Chala.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, na hatutalikwepa. Katika majina 71, majina 18 si ya watoto wa wanachama. Ni ya watoto wa walinzi wa mashamba na wachumaji wanaokaa humo mashambani. Wako wanachama waliotaka tuyafute pale pale. Hoja yao ni kwamba chama ni cha wenye kukilipia. Hoja hiyo ina uzito, na sisi ni katibu wa chama, tumeajiriwa kulinda mali ya wanachama. Lakini tuiulize karafuu yenyewe. Fedha ya gari imetoka katika kila kilo. Nani aliyepanda juu ya mkarafuu akaichuma kilo hiyo? Nani aliyekesha akichambua makonyo? Na nani aliyekusanya majamvi mvua ilipotisha? Mchumaji analipwa kwa pishi, ni kweli, na akishalipwa deni limekwisha. Hata hivyo yeye ndiye aliyewekwa na sisi kukaa mbali na barabara, ili mali yetu isiibiwe. Mtoto wake yuko mbali kwa faida yetu. Twaona si haki kumweka mtu mbali kisha kumwambia mwanawe ya kuwa umbali wake si shauri letu. Sote tumefundishwa chuoni tangu utoto uovu wa mwenye kupunja pima. Pima hii nayo ni pima.

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama kanuni hizi, zijadiliwe na kurekebishwa:

Kwanza, mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu ahesabiwe kuwa mbali akizidi kilomita 3 kutoka skuli yake, na aliye juu ya hapo akizidi kilomita 5. Kipimo kiwe cha njia anayoipita kwa miguu, wala si cha kunyoosha mkono juu ya minazi.

Pili, mwenye njia ya hatari ahesabiwe kuwa mbali hata kama kilomita hazikutimia. Hatari ni kama mto unaojaa masika, au barabara ya magari isiyo na pembeni pa kupita.

Tatu, mtoto mwenye ulemavu asipimwe kwa kilomita. Apande, na akihitaji msaidizi, msaidizi wake apande naye.

Nne, kipimo kiende mpaka skuli ya serikali iliyo karibu yenye darasa la mtoto huyo. Mzazi aliyeiacha skuli ya jirani kwa kuipenda ya mjini atafute usafiri wake. Skuli ya karibu ikiwa haina darasa lake, au haiwezi kumpokea kwa ulemavu wake, ihesabiwe inayofuata.

Tano, ikiwa wanaostahili wamezidi viti, wa mbali zaidi atangulie. Wakilingana, watangulie wasichana wa sekondari wanaofika nyumbani baada ya magharibi.

Sita, karafuu za mzazi zisihesabiwe, wala hisa zake. Mtoto wa mchumaji apimwe kwa kamba ile ile anayopimwa mtoto wa mwenye shamba, na mzazi wake asitozwe zaidi ya anavyotozwa mwanachama.

Saba, orodha ibandikwe mlangoni pa ofisi pamoja na umbali wa kila mtoto, ili kila mtu asome, na itazamwe upya kila muhula. Malalamiko yasikilizwe na watu watatu: mwalimu mmoja, mzazi wa kike mmoja, na mzee mmoja asiye na mtoto katika orodha. Katibu asiwemo.

Twajua kanuni hizi zitawaudhi baadhi ya watu, na haki ya msomaji ni kujua kama na sisi zimetugusa. Zimetugusa. Nyumba yetu sisi tuandikao haifiki kilomita moja kutoka skuli. Katika wiki mbili za kulijaribu gari, watoto wetu wawili walikaa kiti cha mbele karibu na dereva, kwa sababu baba yao ndiye mwenye daftari, na hakuna aliyetuuliza. Tulipoketi kuandika maneno haya tuliona hatuwezi kuendelea mpaka tuwatoe. Tangu Jumatatu wanakwenda kwa miguu. Mdogo amenuna, na mama yao ametuuliza kama kanuni ya Wafipa imekuwa sheria ya nyumba yetu. Tumemjibu ya kuwa bado, mpaka mkutano uipitishe, lakini si vizuri kuwaomba wenzetu tusiloliweza wenyewe.

Liko na swali moja ambalo hatuna jibu lake kamili, nalo ni wale watakaobaki. Tumepima kwa kamba na kwa kuuliza, na twaona ya kwamba wanaostahili kwa kanuni hizi ni watoto 37. Basi hata tukifuata haki yote, wanane watakosa kiti. Safari ya pili ya asubuhi yaweza kuwachukua, ikiwa wanachama watakubali nyongeza ndogo katika kila kilo msimu ujao. Wakikataa, tutawaandikia wazazi wa wanane hao barua, tuwaeleze kwa nini, na majina yao yawe ya kwanza nafasi ikipatikana. Wasije wakaachwa kusimama njiani wakilingoja gari ambalo halitasimama.

Mkutano mkuu utakuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala, katika ghala la chama. Orodha ya umbali imekwisha kubandikwa. Mwenye kuona mtoto wake amepimwa vibaya aje na kamba yake, twende tukapime pamoja. Walinzi na wachumaji nao wanakaribishwa kuja kusikiliza, na tumemwomba mwenyekiti awape nafasi ya kusema.